Ukila Nje na Una Siliaki: Uliza Jiko, Usiulize Menyu

Karibu kila mgonjwa wa siliaki akiketi mgahawani huanza na swali hili: "Samahani, hiki chakula kina gluteni?" Nakuomba uliache kuanzia leo. Wahudumu wengi hawajawahi kulisikia neno gluteni, na mtu aliyeulizwa asichokijua mbele ya mteja hujibu kwa adabu, "Hapana, hamna." Hana nia mbaya. Anataka ule, ufurahi, urudi tena kesho. Lakini jibu lake halikusaidii kitu, na usiku utakapokuwa umejikunja kitandani yeye atakuwa amelala kwake salama, hajui lolote.

Swali la kuuliza ni kimepikwaje. Samaki huyu mlimpaka nini kabla ya kumtia kwenye mafuta? Mafuta hayo yamekaangia nini kingine tangu asubuhi? Mchuzi huu umekuwaje mzito namna hii? Maswali ya aina hiyo hayajibiki kwa ndiyo au hapana. Yanamlazimu mhudumu akumbuke, na kama hakumbuki, aende jikoni akaulize. Huko jikoni ndiko unakotaka afike, kwa sababu usalama wako uko huko. Menyu ni karatasi tu.

Niseme kwa ufupi kwa nini tunahangaika hivi, maana ndugu na marafiki wengi wa wagonjwa wanasoma makala kama hizi. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Mwenye siliaki akiila, kinga ya mwili wake mwenyewe hushambulia ukuta wa utumbo mwembamba, na vile vijinyweleo vinavyofyonza virutubisho hulala na kusinyaa. Chakula kinapita bila kuufaa mwili. Mtu hukonda, hupungukiwa damu, mifupa hudhoofika, mtoto hudumaa, wengine huhangaika kupata ujauzito. Wapo wanaoharisha na kuvimba tumbo kila wakigusa mkate, na wapo wasiosikia chochote huku utumbo unaharibika kimyakimya. Inakadiriwa duniani kwamba mtu 1 kati ya 100 anao ugonjwa huu, na wengi hawajui. Daktari Mwingereza Samuel Gee aliueleza mwaka 1888, lakini aliyeonyesha kwamba adui ni ngano alikuwa Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Wakati wa njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulipoadimika nchini mwake, watoto wenye maradhi haya walionekana kupata nafuu. Mkate uliporudi, waliugua tena. Hadi leo tiba ni hiyohiyo: kuiacha gluteni maisha yote.

Na kuiacha maana yake ni kuiacha kweli. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu 2 za gluteni. Katika utafiti uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2007, miligramu 50 tu kwa siku, zikiliwa kila siku kwa miezi mitatu, zilitosha kuudhuru utumbo wa wagonjwa. Wataalamu wengi huona miligramu 10 kwa siku kuwa ndiyo mpaka ambao walio wengi wanauvumilia. Hiyo ni sehemu moja ya mia mbili ya kile kipande cha mkate, yaani chenga zinazobaki kwenye kisu. Kwa sababu hiyohiyo viwango vya kimataifa vya Codex Alimentarius vinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Tena moto hauiui gluteni. Si bakteria. Mafuta yachemke mpaka yatoe moshi, gluteni iliyomo itabaki gluteni.

Neno moja zaidi kabla hatujakwenda mezani. Kama unashuku tu, hujapimwa, usiache ngano kwanza. Kipimo cha damu na kile cha kuchukua kinyama cha utumbo vinahitaji uwe bado unaila, la sivyo majibu yanaweza kuonyesha mzima wakati wewe ni mgonjwa. Pimwa, kisha uache.

Sasa chakula chenyewe. Sisi wa Afrika Mashariki tuna neema ambayo mgonjwa wa Roma hana: msingi wa mlo wetu si ngano. Ugali wa mahindi, wa mtama, wa muhogo, wali, ndizi za kupika, viazi vikuu na vitamu, maharage, mbaazi, kunde, samaki, nyama, mchicha, kisamvu, matembele. Vyote hivi kwa asili yake havina gluteni hata chembe. Ulezi na uwele pia. Ndizi nyama ya Kilimanjaro, mtori, matoke ya Uganda, luwombo iliyofungwa kwenye jani la mgomba: mapishi yake ya asili hayakuijua ngano kabisa. Mgonjwa wa hapa anaweza kula nje miaka yote bila kuhitaji chakula maalumu cha bei ya kutisha kutoka ng'ambo.

Ila ngano imeingia, na imejificha pale tusipoitazamia. Chapati, mandazi, mahamri, sambusa, tambi na kaimati hizo unazijua. Nahofia zile usizozijua. Urojo wa Zanzibar, ule uji wa manjano wenye embe na ndimu, hupata uzito wake kutokana na unga wa ngano. Ukiomba utiwe bhajia za dengu tu bila kachori, bado umekunywa ngano. Viazi karai vya Mombasa huchovywa kwenye uji wa unga kabla ya kukaangwa, na mara nyingi unga huo ni wa ngano. Bokoboko kwa macho ni kama wali uliopondwa, kumbe wengi huipika kwa ngano nzima na nyama. Kababu na katlesi hutiwa mkate uliolowekwa au kuviringishwa kwenye chenga za mkate. Soseji zina ngano ndani yake mara kwa mara. Vitumbua ni vya mchele, na mkate wa kumimina pia, lakini wako wapishi wanaoongeza unga wa ngano kidogo au semolina ili viumuke vizuri. Na ule uji wa lishe tunaowapa watoto na wagonjwa kwa nia njema kabisa! Mchanganyiko wake hutofautiana nyumba hadi nyumba, na ngano imo katika michanganyiko mingi. Hata unga usio na ngano huweza kuipata kwenye mashine ya kusaga, ikiwa aliyekutangulia kwenye foleni alisaga ngano yake.

Kwenye migahawa ya Kihindi, ambayo mimi naipenda sana kwa sababu ya wingi wa dengu na wali, jihadhari na mvuje. Ule utomvu wenye harufu kali unaotiwa kwenye dengu na bhajia huuzwa dukani ukiwa umesagwa na kuchanganywa na unga, na mara nyingi unga huo ni wa ngano. Mpishi atakuapia kwamba bhajia zake ni dengu tupu, na atakuwa anasema kweli kwa anavyojua. Mwombe akuonyeshe kopo la mvuje usome lebo. Kwenye migahawa ya Kichina tatizo ni sosi ya soya, ambayo ya kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano. Siku hizi sosi hiyo imehama kutoka huko, imeingia kwenye kuku choma na mishikaki ya mitaani. Kwenye migahawa ya Kihabeshi injera ya tefu tupu ni salama, lakini tefu ni ghali huku kwetu na wapishi wengi huichanganya na ngano au shayiri. Uliza injera hii ni ya nafaka gani, zote, usiulize kama ni ya tefu, maana tefu huenda imo pamoja na nyingine. Na bia, kwa kuwa hutengenezwa kwa shayiri, haimfai mgonjwa wa siliaki, wala nyama iliyolowekwa ndani yake.

Lakini tuseme umechagua vizuri. Umeagiza chipsi na samaki, viazi ni viazi na samaki ni samaki. Simama karibu na karai uangalie. Pale kwenye kibanda mafuta yaliwekwa alfajiri. Kwanza yalikaanga mandazi ya chai, kisha sambusa, kisha vipande vya kuku vilivyopakwa unga, na sasa ni zamu ya viazi vyako. Ukichungulia utaona punje nyeusi zinazunguka chini: huo ni unga uliodondoka, ukaungua, na kila chipsi inayotoka imeuvaa. Mpishi anazikung'uta kwa chujio lilelile, anazimwaga kwenye sinia lilelile, anakatia nyanya kwenye kibao kilichotoka kusukumiwa chapati. Hakuna aliyekosa kitu hapo. Jiko la haraka ndivyo linavyofanya kazi. Lakini chakula kilichokuwa salama dakika tano zilizopita si salama tena.

Nchi zenye mabango makubwa ya "bila gluteni" nazo hazijapona tatizo hili. Mwaka 2019 jarida la American Journal of Gastroenterology lilichapisha matokeo ya vipimo zaidi ya 5,000 ambavyo wateja wa Marekani walijipimia wenyewe mezani kwa kifaa kidogo cha mkononi. Katika vyakula ambavyo migahawa yenyewe ilivitangaza kuwa havina gluteni, takriban theluthi moja vilionyesha kuwa nayo, na kwa piza na tambi ilikuwa zaidi ya nusu. Kifaa hicho kina udhaifu wake na watafiti walikiri, lakini yaelekea mara nyingi viungo vilikuwa sahihi, ila chakula kilichafuliwa jikoni: tanuri moja, sufuria moja ya kuchemshia tambi, unga unaoelea hewani. Ukiona piza bila gluteni kwenye menyu ya hoteli ya Nairobi au Masaki, Dar es Salaam, usifurahi mpaka uambiwe inaokwa wapi.

Ndiyo maana nina msimamo ambao baadhi ya wagonjwa wenzangu wanaupinga. Kama ningelazimika kuchagua kati ya hoteli kubwa yenye menyu iliyowekwa alama na mama ntilie anayepikia mbele yangu, mara nyingi ningekwenda kwa mama ntilie. Si kwa sababu ni msafi kuliko hoteli. Ni kwa sababu namwona. Masufuria yake ni manne: wali, maharage, mchicha, samaki wa mchuzi. Ameyapika mwenyewe tangu alfajiri na anajua kilichoingia ndani ya kila moja, kwa mkono wake. Hotelini mapishi yamegawanywa kwa watu wanane wanaopokezana zamu, na anayekujibu hakuwepo mchuzi ulipopikwa. Jambo la kumwangalia mama ntilie ni chapati zake: je, zimewekwa wapi, na mkono au koleo linalozishika linaingia tena kwenye kitu gani? Upawa wa maharage unaingia kwenye maharage tu? Ukimwahi kabla ya saa sita mchana, kabla ya wateja kujaa, upawa bado uko kwenye sufuria yake na yeye ana muda wa kukusikiliza.

Mchemsho ni chakula kingine ninachokusifia. Kuku au samaki na viazi, karoti, ndizi, hoho, ndimu, vyote kwenye sufuria moja inayoanzishwa kwa ajili yako. Hakuna mafuta ya zamani, hakuna unga. Kilichobaki ni kumwomba mpishi asitie kiungo cha pakiti wala kidonge cha supu ambacho hujasoma lebo yake, maana baadhi vina ngano. Lebo za vyakula vilivyofungashwa zinazofuata kanuni za Codex zinapaswa kutaja nafaka zenye gluteni kwa majina, kwa hiyo ukiwa na pakiti mkononi huna haja ya kubahatisha. Nyama choma nayo ni rafiki, ile ya kizamani ya chumvi na ndimu. Omba ikatwe kwenye sahani safi kwa kisu kilichooshwa, siyo kwenye gogo ambalo soseji zimekatiwa, na ndizi zichomwe upande wa wavu ambao haujapasha mikate.

Chakula ninachokukataza moja kwa moja ni cha bafe. Nimesimama kwenye foleni ya bafe ya hoteli moja, mbele yangu kuna mbaazi za nazi zilizopikwa vizuri, hazina tatizo lolote. Bwana aliyenitangulia alikuwa ameshika sahani yenye mahamri mawili. Akachota mbaazi, upawa ukagusa mahamri, akaukung'uta ukingoni mwa hamri lake mara mbili ili mchuzi usidondoke, akaurudisha ndani ya mbaazi. Aliyefuata nilikuwa mimi. Ukilazimika kula bafe, kwenye semina au mkutano wa kazini, zungumza na msimamizi kabla pazia halijafunguliwa, uombe upakuliwe wa kwanza, au upakuliwe kutoka jikoni.

Sasa namna ya kuzungumza, maana hapa ndipo wengi hushindwa. Piga simu mapema au pita mwenyewe saa tisa alasiri, wakati watu wa mchana wameondoka na wa jioni hawajaja. Salimia kwanza. Huwezi kuingia na madai kabla ya salamu halafu utarajie jiko likuhurumie. Usiseme gluteni, sema ngano, kisha taja vitu kwa majina yake: unga wa ngano, mkate, chapati, tambi, sosi ya soya. Wapo wanaosisitiza tusiseme "nina aleji", kwa kuwa siliaki kitaalamu si aleji. Ni kweli, lakini jikoni si darasani. Neno aleji wapishi wanalielewa na wanaliogopa, na mimi nalitumia bila kusita. Neno la kuepuka ni kujifananisha na mgonjwa wa kisukari. Watu wanajua kwamba mwenye kisukari anaweza kuonja kidogo siku ya sikukuu, na watakupimia wewe kwa kipimo hicho.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi. Unamwambia mhudumu, "Dada, naomba unisaidie jambo moja, nina ugonjwa, ngano hata kidogo inaniumiza. Naweza kuongea na mpishi?" Atakujibu, "Hamna shida, wali wetu hauna ngano." Usiishie hapo, wala usibishane naye. Mwambie, "Nashukuru. Na huyu samaki, anapakwa nini kabla ya kukaangwa?" Mara nyingi hapo ndipo anaponyamaza kidogo, kisha anasema, "Ngoja nikamuulize." Akirudi na jibu lenye maelezo, kwamba huwa wanampaka unga ila wanaweza kumpika wa nazi kwenye sufuria nyingine, basi umepata mahali pazuri. Akirudi upesi mno na kusema "mpishi amesema sawa," omba tena kwa upole umwone mpishi mwenyewe. Jiko linalokuambia "hiki hatuwezi" lina thamani kwako kuliko linalokubali kila kitu.

Kwa kuwa maneno husahaulika kati ya meza na jiko, beba kadi. Iandike kwa mkono au uichapishe, iwe fupi, mpishi aiweke mbele yake anapopika. Unaweza kuinakili hii:

"Ndugu mpishi, habari za kazi. Nina ugonjwa unaonikataza kula ngano na shayiri, hata kiasi kidogo sana. Naomba chakula changu kisiwe na unga wa ngano, mkate, chapati, tambi, semolina, sosi ya soya wala kiungo cha pakiti chenye ngano. Naomba kipikwe kwenye sufuria au kikaango kilichooshwa, kwa mafuta mapya, na kwa mwiko ambao haujagusa vitu hivyo. Naweza kula wali, ugali wa mahindi, ndizi, viazi, muhogo, maharage, nyama, samaki, mayai na mboga. Kama huna hakika na kitu, tafadhali niambie, sitakasirika. Asante sana."

Ile sentensi ya mwisho kabla ya shukrani usiiondoe. Inampa mpishi ruhusa ya kusema ukweli.

Chakula kikija, kitazame. Kama kimepambwa na kipande cha chapati au mkate pembeni, usikiondoe ukaendelea kula. Rudisha kwa heshima, na uombe sahani mpya, siyo sahani ileile iliyotolewa mkate. Ili ujue ni ileile, weka alama yako: sogeza kipande cha ndimu, kata ncha ya ndizi. Wengine huona haya kufanya hivi. Mimi naona haya ni ghali mno kwa mtu mwenye utumbo uliojeruhiwa.

Kazi ngumu kuliko mgahawa ni shughuli. Harusini, kwenye hitima, Idi au Krismasi, tunakula kwenye sinia moja, na kukataa chakula cha mwenyeji ni kama kumkataa yeye. Pilau inaweza kuwa salama kabisa, lakini mkono uliokata chapati unaingia humo humo. Usingoje siku yenyewe. Mpigie mwenye shughuli siku mbili kabla: "Shangazi, nakuja, sikosi. Daktari amenikataza ngano kabisa, kwa hiyo naomba unitengee pilau kwenye bakuli kabla watu hawajapakuliwa, na sambusa mnisamehe." Ukisema mapema unakuwa mgeni anayejali, ukisema mbele ya sinia unakuwa mgeni anayechagua. Na shangazi aliyeambiwa mapema atakuwa mlinzi wako: atakuwekea bakuli lenye kifuniko na kumkaripia atakayeligusa. Kwa yule atakayesema "kidogo tu hakidhuru, sema bismillahi ule," jibu kwa utulivu kwamba kidogo ndicho kinachodhuru, ubadilishe mazungumzo. Kwa mtoto, mfundishe kusema mwenyewe mapema. Mtoto wa miaka sita anaweza kabisa kusema, "Mimi sili ngano, asante, mama amenipa changu," mradi kweli umempa chake, kitamu kama cha wenzake.

Wasomaji wetu walioko ughaibuni wana sheria upande wao, wazitumie. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014 migahawa inalazimika kumweleza mteja kama chakula kina chochote kati ya vitu 14 vinavyosababisha aleji, nafaka zenye gluteni zikiwemo, na Uingereza inafuata utaratibu huohuo. Una haki ya kuuliza na wao wana wajibu wa kujibu. Sheria hiyo inahusu viungo. Uchafuzi wa jikoni bado utauuliza mwenyewe. Marekani ni tofauti: sheria ya mwaka 2004 inataka ngano itajwe kwenye vyakula vilivyofungashwa, lakini haitaji shayiri, wala haiwalazimishi wenye migahawa. Ndugu zetu wa Oman na Ghuba wakumbuke kwamba harisi ya huko ndiyo bokoboko yetu, ni ngano, na kwamba wapishi wengi wa migahawa wanatoka India na Bangladesh, kwa hiyo kadi ya Kiarabu peke yake haitoshi. Wakongomani walioko Brussels wanaokula fufu kwa wenzao waulize imesongwa kwa unga gani, maana semolina ya ngano imechukua nafasi ya muhogo katika baadhi ya nyumba za huko.

Ukipatwa licha ya yote, na utapatwa siku moja, kunywa maji ya kutosha, tumia chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini kama unaharisha au kutapika, pumzika, kula vyepesi. Hakuna dawa ya kuiondoa gluteni iliyokwisha kuliwa. Vidonge vya vimeng'enya vinavyouzwa kwa ahadi kwamba utakula mkate bila kudhurika havikulindi, usivitumie kama ruhusa. Ukitapika bila kukoma, ukaona damu, au mtoto akilegea, nenda hospitali. Na usiache kliniki hata ukijisikia mzima; kipimo cha damu cha marudio husaidia kuonyesha kama utumbo unapona. Kisiposhuka baada ya mwaka, mahali pa kwanza pa kuchunguza ni kule unakokula nje.

Mwisho niseme nawe mwenye mgahawa, kibanda au hoteli. Nunua sufuria moja, kikaango kimoja, mwiko mmoja na chujio moja, uvifunge utepe mwekundu, uvitundike mbali na unga, na mpishi asivitumie kwa chochote chenye ngano. Tenga karai moja la viazi peke yake. Mfundishe kila mhudumu kusema "sijui, ngoja nikaulize" bila kuogopa kukaripiwa. Hakuna mashine ya kuagiza wala mtaalamu wa kulipa. Kisha mwambie mteja wa kwanza atakayekuja na kadi yake kwamba kwako anaweza kula, naye ataleta familia nzima, maana kwa miaka mingi wamekuwa wakibaki nyumbani kwa sababu yake.